Naandika kwa Penseli

Ratiba naiandika kwa penseli
kwa sababu chama chetu kina uwanja mmoja wenye taa, pale Chumbageni,
na taa zenyewe zinakula luku
kama mbuzi aliyeingia shamba la watu.
Vyuo saba, Jumamosi kumi na mbili.
Ijumaa alasiri sigusi.
Jumapili asubuhi kwaya imeshalipia.
Lushoto hawashuki siku ya gulio.
Wa Pangani wakichelewa, wamechelewa; siulizi.
Natoa, naweka, nafuta.
Kifutio huisha kabla ya msimu.

Februari akaja Zuhura Shemhilu,
akainama mlangoni kwa mazoea ya watu warefu
ingawa mlango wangu unamzidi.
Mkononi fomu ya uhamisho,
kutoka chuo cha Korogwe kuja cha Raskazone.
Sababu ya kuhama, weka alama ya vema:
masomo, familia, nyingineyo.
Aliweka kwenye nyingineyo, akaeleza kwa mwandiko mdogo:
"Kozi ilihama kabla yangu."

Kweli. Umeme wa viwandani, wanafunzi wanne,
mwalimu mmoja, naye kastaafu
kaenda kufuga nyuki.

Nikamwambia kanuni haijui nyuki.
Anayehama hukaa nje siku mia na themanini tangu asajiliwe,
ila chuo alikotoka kimwachilie
kwa barua yenye mhuri.
Nikampigia kocha wa Korogwe.
Mwalimu Kiluvya alinisikiliza kwa adabu zote, kisha akasema
mhuri uko Handeni.
Wiki ya pili, mhuri bado uko Handeni.
Ya tatu nikaacha kuuliza;
mhuri ule una shamba huko.

Nikahesabu kwa vidole, nikahesabu tena
kwa kalenda ya duka la vipuri.
Zuhura anakuwa huru Jumapili, tarehe tisa Mei.
Raskazone na Korogwe wanakutana Jumamosi,
tarehe nane.
Mwandiko ni wangu, wa Januari,
kabla sijamwona mtu.
Mia na themanini kasoro moja.

Jumamosi hiyo ikanyesha.
Si manyunyu ya kutishia waoga. Masika yenyewe.
Saruji ikawa sinia la maji,
mpira ukidundishwa unasema pwa, unabaki hapo hapo.
Mwamuzi akapuliza kipenga: hadi Jumamosi ijayo.
Benchi zima la Raskazone likanigeukia likicheka
kana kwamba mvua nimeinyesha mimi.
Kiluvya naye akanitazama vivyo hivyo,
bila kucheka.

Usiku nikafungua kijitabu cha kanuni, ingawa nimezihifadhi.
Kifungu cha kumi na moja:
mechi iliyoahirishwa huchezwa
na waliostahili siku ya awali.
Nani alikiandika?
Mimi. Mwaka ule timu moja ilipougua tumbo mara tatu,
wote, kocha na dereva,
mpaka karatasi za mchezaji wao zikaiva.
Nilikiandika kwa wino.
Nikasifiwa mkutanoni, nikanunuliwa soda.

Zuhura nilimweleza asubuhi.
Aliuliza jambo moja tu,
kama kuna kifungu cha kumi na mbili.
Kipo. Kinahusu rangi ya soksi.

Basi tarehe kumi na tano alikaa mezani, kushoto kwangu,
akigeuza vibao vya pointi,
kwa kuwa vibao hakuna aliyevikataza.
Korogwe wakifunga, anageuza.
Raskazone wakifunga, anageuza,
mkono uleule, kasi ileile.
Wenzake wa zamani wakipita kwenda kunywa maji
walimgusa bega, mmoja mmoja,
na Kiluvya akapata kitu cha kusoma kwenye saa yake.
Korogwe walishinda kwa mbili.
Mimi nilikuwa naandika faulo.
Chini ya meza viatu vyake vilikuwa vinakaba,
hatua, hatua, geuka,
vinanikanyaga vidole,
naye akaniambia samahani mara nne
na mara ya tano hakusema.