Jedwali la Vimbunga

Nilichora jedwali ubaoni, safu nne:
jina, mwaka, kasi, upana.
Darasa la Sita B, Nianjema, Bagamoyo,
watoto themanini na mmoja, chaki kipande.

Nikaanza na Tip, mwaka sabini na tisa,
kilichonenepa huko Pasifiki
hadi kufika kilometa elfu mbili na mia mbili.
Nambari haikuwagusa. Wengine walipiga miayo.
Nikasema: vuteni uzi kutoka hapa hadi Ujiji,
juu ya njia ya wapagazi na pembe zao,
ufungeni kule kwenye mti wowote,
urudisheni mpaka mlangoni petu,
na bado uzi haujatosha kukipima.
Pazi akaacha kutafuna kalamu.

Patrisia: kasi mia tatu arobaini na tano kwa saa.
Basi la Chalinze mara nne, nikasema,
na dereva awe amechelewa.
Hapo walicheka.

Fredi kilitembea wiki tano.
Kilitoka ubavuni mwa Australia, kikavuka bahari nzima,
kikaipiga Madagaska, kikaipiga Msumbiji,
kikarudi majini kama mgeni aliyesahau kofia,
kikaja kuipiga Msumbiji tena.

Bhola sikukiandikia upana.
Niliandika: watu laki tatu, pengine laki tano,
waliobaki hawakutosha kuwahesabu.
Chaki ilikuwa imekuwa fupi, kucha zangu zikakwaruza ubao.

“Na cha kwetu, mwalimu?”
Mwanakombo huyo, hanyooshi mkono.

Nikaandika 1872.
Mwezi wa nne. Mikarafuu ya Unguja iling’oka na mizizi,
merikebu za Sultani zikazama bandarini,
na hapa, hatua chache kutoka tulipo,
nyumba za misheni zikalala chifudifudi.
Kasi: mstari mtupu. Upana: mtupu.
Jina: mtupu.
“Sasa walikiitaje, walipokuwa wanakimbia?”
“Nadhani,” nikasema, “walimwita Mungu.”

Ndipo sauti ikatoka dirishani:
“Andika Hidaya!”
na darasa zima likageuka nyuma
kumtazama Hidaya Mwinjuma.

Tangu Mei ile ni wimbo wao:
Hidaya yuko njiani, fungeni madirisha,
Hidaya kapungua nguvu,
Hidaya katua Mafia, poleni wa Mafia.
Nikagonga meza. Nikaeleza, kwa nia njema kabisa,
kwamba kile kilikuwa kimbunga kidogo,
kilifika pwani kikiwa hoi, kikafa siku ile ile,
kwamba mbele ya Tip ni chafya tu.
Nilidhani ninamtetea.

Akasimama. Akapita katikati ya madawati,
sketi ina kiraka cha khanga upande mmoja,
akanyoosha kiganja. Nikampa chaki.
Chini ya ule mstari mtupu aliandika jina lake,
akaandika mwaka,
akafika kwenye kasi, akatulia.

Baba yake ni mtu wa mashamba ya chumvi, Nunge.
Nilijua hilo. Nilijua pia kuhusu banda,
ile chumvi ya kiangazi iliyokuwa ikingojea bei ipande,
bati lililopeperuka usiku, mvua iliyoingia.
Nilijua, kama tujuavyo mambo ya mtaa,
kwa kupita na kusema pole.

Aliandika: *gunia 140.*

Hakuna aliyecheka. Hata yule wa dirishani.
Kisha, mkono ukiwa umefika safu ya mwisho,
akaniuliza, hakunitazama:
“Upana unaanzia kupimwa wapi, mwalimu?”

Kengele ililia. Wakatoka mbio, na yeye akatoka.
Sikufuta.

Jumatatu nilikuta mwenzangu wa Hisabati
amesafisha ubao afundishe sehemu.
Tip hakuna, Patrisia hakuna, Fredi kaenda moja kwa moja.
Lakini mtoto yule alikuwa ameikandamiza chaki:
chini ya robo tatu jumlisha nusu,
ukisogea, ukiinamisha kichwa kuelekea mwanga,
gunia mia moja na arobaini
zinasomeka bado.