Masizi

Saa kumi na moja alfajiri honi ya kiwanda inalia
na Ezati anapapasa gizani, anatafuta soksi.
Moja iko chini ya godoro, upande wangu.
Nimeificha mwenyewe, makusudi,
ili aniamshe kabla hajatoka.
Mwaka wa tatu huu. Hajagundua.

Navuta sigiri mlangoni, napuliza makaa.
Chai ya rangi, tangawizi, kiporo cha muhogo.
Anakunywa amesimama, macho kwenye kikombe:
"Leo tunachoma shamba la upande wa mto."
Mume wangu hajui kusema nakupenda.
Anasema tunachoma upande wa mto,
yaani, mke wangu, usianike.

Nami nikasahau, nikaanika.

Nepi kumi na mbili, shuka tulilopewa harusini,
leso ya mama yenye mwali uliopauka.
Saa sita masizi ya miwa yakaanza kushuka,
mepesi, marefu kama kope,
yakatua juu ya kila cheupe nilichonacho.
Mama Jakisa akacheka mpaka akashika ukuta:
"Bibi harusi! Miwa imekuja kukusalimia!"

Bibi harusi. Nina miaka ishirini na minne
na ndoa hii imeshaugua malaria mara mbili,
imenunua redio, imeiuza kulipa kodi,
imezaa, imenuna wiki nzima
kwa sababu ya sahani moja ya dagaa.

Nilizaliwa Kasese, chini ya mlima wenye barafu.
Asubuhi isiyo na mawingu tuliiona kule juu, nyeupe,
wala sikuwahi kuigusa.
Nimekuja kuolewa huku Kinyara
ndipo kitu kutoka mbinguni kikanidondokea kiganjani,
nacho kilikuwa cheusi.

Ezati ni wa Arua. Ugali wa muhogo anauita enyasa.
Mimi kwetu ni obundu.
Tunapoketi mkekani tunasema ugali, na unashuka vilevile.
Mtoto naye ana majina mawili:
baba yake alimpa Ayikoru, mimi nikampa Masika,
kwa kuwa ndiye binti wa kwanza na kwetu hilo halina mjadala.
Majirani, kukwepa kesi, wanamwita Toto.

Kiswahili chetu tulikiokota kwenye laini za vibarua,
kimetoboka hapa na pale, lakini kinatufunika wote.
Akiota, Ezati anagombana kwa Kilugbara.
Nikisali, nasali kwa Kikonzo, harakaharaka.
Jumapili mama mkwe anapiga simu.
Nilifundishwa sentensi moja ya heshima,
nikapandisha sauti mahali pa kushusha.
Mama wa watu alicheka hadi salio likaisha.
Mpaka leo Ezati amekataa kuniambia nilisema nini.

Basi nikafua upya. Maji ya kisimani, madumu manne,
mtoto mgongoni, sabuni imebaki kipande cha kidole,
na moyoni nikimtukana meneja, na mto, na upepo,
kisha nikajitukana mwenyewe, maana niliambiwa.

Jioni amerudi, mweusi hadi ndani ya masikio.
Ameitazama kamba. Hakuuliza.
Amechukua beseni, na lile shuka lililokataa kutakata,
akazunguka nyuma ya nyumba
ambako wanaume wenzake hawapiti.
Nyuma, si mbele. Kila mtu na kiwango chake.
Nilimsikia akisugua, fwiku, fwiku,
akipiga mluzi kama mtu anayerekebisha baiskeli.

Usiku mtoto amelala, taa imezimwa,
shuka bado bichi kambani, tumelala juu ya mkeka.
Nimenyoosha mkono kimyakimya chini ya godoro
lililoegemezwa ukutani,
nifiche soksi yangu ya kesho.

Nimeikuta imeshafichwa.