Hodi ya Damu

Damu nzito kuliko maji, husema watu.
Ya mama ilizidi. Iliganda msimu wa korosho,
mkono wa kulia ukalala, mdomo ukaenda upande,
na Newala nzima ikaja na dawa yake.

Daktari akatoa aspirini, kidonge kimoja kila asubuhi.
Damu ikalegea. Ikalegea mno:
Julai, akibangua kwa mkono wa kushoto, kisu kikateleza.
Kidonda kama punje ya mtama
kikalowesha kanga mbili hadi alfajiri.

Mimi Somoe, binti yake, wa maabara,
zamu ya usiku, umeme ukipenda.
Kwenye darubini chembe sahani ni vumbi la zambarau.
Hizi ndizo zilizomlaza.
Kila moja ina milango, kila mlango una hodi yake.
Mshipa ukichanika hubisha,
nazo huitika, hujikunja, huita jirani,
karibu, karibu, karibu,
mpaka njia imezibwa.

Aspirini humfumba mdomo anayeita,
awe anaita kwa heri au kwa shari.

Nasikia wapo watu, sijui wapi,
wanaotafuta dawa ya kusimama kwenye mlango mmoja tu,
ule unaoitikia hodi ya bonge,
na kuuacha wazi ule wa kisu.

Waharakishe.
Mama yuko uani, anabangua tena.
Nimemnunulia glavu. Kazitundika kwenye kamba ya nguo:
anasema zinamnyima kuisikia korosho.