Mia Saba Ishirini na Tisa

Siagi kwanza ilale kwenye baridi.
Nanuli alisema hivyo kama mtu anayemkumbusha mwenzake deni,
maana alikuwa mhasibu wa kiwanda cha malori
kabla kiwanda hakijafunga malango, wakabaki kutu na mbwa.

Kutaisi, ghorofa ya nne, theluji.
Jokofu lake lilikuwa kabati tu,
kwa hiyo siagi ilikaa roshanini ndani ya sufuria,
jiwe juu ya kifuniko kwa sababu ya paka wa jirani.
Barafu ilitufanyia kazi bila mshahara.

Mimi nilikuwa na miaka kumi. Kazi yangu kuhesabu.

"Hii ya ngapi?"
"Ya tatu."
"Kwa hiyo matabaka?"
"Ishirini na saba."

Anausukuma unga hadi pembe za meza,
anaukunja mara tatu kama barua
(barua za Guram kutoka Thesaloniki,
alikokwenda kuchuma machungwa msimu mmoja,
msimu wa nne huu),
anaugeuza, anaupiga kofi dogo mgongoni
kama mtoto aliyeshiba ziwa,
anaufunika, anautoa nje ukalale.
"Themanini na moja," nasema kabla hajauliza.

"Usiukimbize," alinionya. "Ukiukimbiza utatoka jasho,
siagi itapenya, matabaka yatashikana,
na utakuwa umepika ubao."

Umeme ulikuja usiku, mgeni asiyebisha hodi:
saa nane, saa tisa, siku nyingine haukuja kabisa.
Taa ya ukumbini hatukuizima, ndiyo iliyotuamsha.
Ikiwaka, jengo zima linafufuka:
pasi, mashine za kufulia,
redio ya mzee Shota ikidakia wimbo katikati,
na sisi miguu peku mpaka kwenye tanuri.

Kwanza za jibini.
Miraba, kona nne zimekutana katikati
kama watu wanaonong'onezana,
na jibini ya chumvi inachuruzika pembeni, inaungua.
Ukoko huo ulikuwa ujira wangu.
Asubuhi zilikwenda kituo cha basi ndani ya beseni,
zimefunikwa blanketi la Guram.

Kisha keki ya Napoleoni, ya harusi ya binti Zhuzhuna,
karatasi kumi na mbili za unga, moja baada ya moja.
Ya saba ilikuwa ndani, imeanza kuinuka.
Nimeiona kwa macho yangu kwenye kioo,
ikijibandua, ikivuta pumzi,
taa ikazimika.

Mtu wa ghorofa ya pili alitukana.
"Usifungue." Alinishika mkono. "Joto bado limo."
Tukakaa sakafuni kama wanaomkesha mgonjwa,
tukiisikiliza siagi: ikichirizika,
kisha kwa mbali,
kisha basi.
Hakumtaja Guram. Alisema tu gizani,
"Kilichoinuka kabla ya kuiva hakina pa kusimamia."

Kulipokucha ilikuwa bapa, nzito, inang'aa mafuta.
Nililia. "Mia saba ishirini na tisa!"
"Bado zimo," akanijibu. "Hakuna iliyotoroka."
Akaikausha juu ya jiko la kuni, akaiponda kwa chupa,
akazipanga zile sita kwa malai, akainyunyiza juu yake,
kwani Napoleoni huvaa makombo yake nje.
"Sita zinatosha harusi. Ndoa itajijazia yenyewe."
Mama wa bwana harusi aliomba siri ya ule ukavu mtamu.
Nanuli akamwambia: kuhesabu.

Siku hizi nanunua unga ulioganda, umeviringishwa kwenye plastiki,
duka lipo chini ya nyumba yetu Tbilisi.
Unaumuka vizuri, sisemi uongo.
Naujaza uyoga, naujaza tufaha na mdalasini,
hakuna anayeniuliza ya ngapi.

Jana umeme ulikatika, dakika nne tu.
Nikajikuta sakafuni mbele ya tanuri,
nimeukamata mkono wa mwanangu Levan.
"Tunasubiri nini?" akauliza.
Sikujua nianzie wapi.
Tatu, nikamwambia. Tisa.