Mshono Ulioruka

Daktari wa Makadara alinipa karatasi ndefu,
mapigo yangu yamechorwa kwa wino.
Nikaivuta karibu na miwani.
"Huu mshono umeruka," nikamwambia. "Hapa.
Na hapa. Hapa uzi umejikunja."
Akacheka. "Kumbe wewe fundi?"
Tangu darasa la saba, nikasema, Kibokoni.

Basi tukazungumza kifundi.
Cherehani ikiruka huivunji.
Waitazama kwanza umeilisha nini,
uzi gani, mafuta gani, ilipumzika lini.

Nikaona haya.
Kanzu themanini na mbili kabla ya Idi,
muguka shavuni, kahawa tungu mezani,
sigara kati ya mkono wa kulia na wa kushoto,
viazi karai na achari, chumvi juu ya chumvi,
na kifuani fundi mwenzangu
asiyepewa hata Ijumaa moja.

Usiku wa ishirini na saba aliruka,
akanyamaza,
akarudi mbio kama kuku aliyefunguliwa miguu.
Nikashika meza, jasho la baridi.
Mwanakombo akaniwekea kiganja kifuani:
"Huyu ana haraka ya kwenda wapi?"

Muguka niliuacha Jumatatu.
Jumatano nikaurudia.
Jumamosi nikauacha tena. Sijisifu.
Kopo la chumvi limehamia juu ya kabati,
kulifikia mpaka upande kigoda,
na kigoda kakificha yeye.
Kahawa, kikombe kimoja, asubuhi.
Mbwarali akipita jioni hugonga vikombe
makusudi mlangoni kwangu,
nami namwonyesha mkasi.

Magharibi ikishasaliwa natembea,
Ngome mpaka Mama Ngina, na kurudi,
kanzu nimeipandisha, mwendo wa kukazana.
Vijana wa baraza huniuliza,
"Fundi, leo unamdai nani?"

Saa nne nazima taa.
Wateja wananung'unika, ahadi zangu zimerefuka.
Ndiyo. Zamani zilikuwa fupi na za uongo.

Bado huruka, mara mojamoja.
Daktari hakuniahidi nguo isiyo na kosa,
kanipa vidonge na tarehe ya kurudi.
Usiku naweka vidole viwili kifundoni mwa mkono,
namhesabu kama nihesabuvyo tarizi za shingo,
na akianza kukimbia namwambia,
shona, bwana, shona polepole,
mwezi haujaandama.