Ndia Nne za Mkono

Bi Thureya Shee wa Langoni
aliteleza ngazi ya tatu akishuka darini,
akauangukia mkono wa kushonea.
Kifundo vipande viwili,
na kofia ya bwana arusi imebaki robo.

"Usinilaze," akaniambia. "Nna pumu.
Nataka mato wazi. Ndia ni ngapi?"

Ndia ni nne, nikamjibu kwa Kiamu chake,
mimi mtu wa Ganda, niliyefunzwa ganzi Malindi
na Lewa, aliyetuchorea mti wa neva
kwa wino, juu ya shuka la hospitali,
akakatwa bei ya shuka.

Ya kwanza shingoni, baina ya misuli miwili.
Hiyo ni ya bega. Hupita mlangoni kwa pumzi,
hulaza nusu ya kiwambo,
na kidole cha mwisho hukisahau.
Kwa mwenye pumu? La, mama.

Ya pili juu ya mtulinga.
Hapo neva zimesongamana kama nyuzi ngumini:
dawa kidogo, mkono mzima. Lewa aliipenda.
Nami naipenda, siku mashine ikiona.
Leo skrini ina ukungu,
na ncha ya pafu iko upana wa ukucha.

Ya tatu chini ya mtulinga. Ndani, mbali, sindano ndefu.
Ni ya mkono usioinuka.
Akauinua wake, polepole, akiuma ushungi.

Basi kwapani.
Ateri yapiga chini ya kidole changu,
neva tatu zimeizunguka,
pafu liko mbali.
Aibu tu ndiyo iko karibu:
muuguzi akamsitiri kifua kwa leso yake mwenyewe.

Aliitazama sindano yangu kifundi.
"Wewe wavuta. Sindano haivutwi,
hufuatwa."

Robo saa. Pamba ya spiriti.
Kidole cha mwisho, baridi hakuna. Cha pete, hakuna.
Upande wa gumba, juu ya kifundo:
"Hapo pa mato."

Neva ya nne hukaa peke yake msulini,
hailali na wenzake.
Najua. Kila mara najua,
na kila mara natumaini itasikia yenyewe.
Sindano ya pili.

Kisha akaubeba mkono wake kwa wa kushoto,
akaupima kama nyama ya buchani.
"Wa nani huu?"

Saa tano usiku nikapita wodini.
Kidole cha mwisho kilikuwa kinarudi, na miba yake.
"Waumwa?"
"Naumwa. Nipe dawa.
Na kesho nimletee Fahima ile kofia,
nimwelekeze kwa mdomo.
Mwambie asivute."