Vizibo Arobaini na Vitano

Madamu Nyanzobe alikuja na vizibo vya soda
ndani ya soksi ya mwanawe,
akavimwaga mezani vikalia kama mvua ya kwanza
juu ya mabati ya Igogo.
"Leo sisi ni Amerika," akasema.
"Kila safu ni jimbo. Kaeni mlipokaa."

Tulikuwa arobaini na watano.
Safu ya ukutani kumi na watano, wamebanana;
mbili za katikati, tisa tisa;
ya dirishani, wanane;
na sisi wa mlangoni, wanne tu,
tuliokaa pale ili kengele ikilia
tuwe wa kwanza kutoka.

Ubaoni akaandika: kila watano, au karibu na watano,
mwakilishi mmoja.
Ukutani watatu, kwetu mmoja.
Huyo hurudi kwenu kila miaka miwili,
kofia mkononi, kuomba tena.
Chini yake akaandika: kila safu, wawili.
Hao hukaa sita, wala hawana haraka.
Wawili kwa kumi na watano, wawili kwa wanne.
Na muswada ukikwama nyumba moja hauvuki,
kama gari lililokosa nafasi
kwenye pantoni ya Kamanga.

Sayi, mtu wa Ukara, akanyoosha kidole:
"Kwa hiyo kwetu tungelingana na Dar es Salaam?"
Darasa likaangua kicheko.
Madamu hakucheka.
"Ziwa hili lilikuwa na furu," alisema,
"wa manjano, wa buluu,
wengine wametoweka hata jina hawajapewa.
Sangara alipoingia, nani alimuuliza furu?"

Tukapiga kura.
Ng'wasi kizibo chekundu, Lugembe cha kijani.
Mimi asubuhi ile nilikuwa nimekula andazi la Lugembe.
Sisemi zaidi.

Kila safu ikahesabu vyake,
na mwenye vingi akazoa safu nzima:
wawakilishi wake, jumlisha wale wawili.
Ukutani Ng'wasi kumi na vinne kwa kimoja. Alama tano.
Katikati akashindwa, vitano kwa vinne.
Tena vitano kwa vinne.
Dirishani vitano kwa vitatu.
Mlangoni vitatu kwa kimoja,
na andazi langu humohumo.
"Ng'wasi tano," Madamu akatangaza,
"Lugembe kumi na tano. Rais wetu Lugembe."

Ng'wasi hakupiga kelele.
Alikwenda mezani, akavitenga kimoja kimoja,
vyekundu huku, vya kijani kule.
Ishirini na sita.
Kumi na tisa.
Mstari wa vyekundu ulifika ukingoni mwa meza,
kimoja kikadondoka, kikabingirika hadi mlangoni,
kikatulia miguuni pangu.
"Madamu," akasema, "mimi si sangara."

Bandarini meli ikapiga honi.
Madamu aliushika ufutio, akauweka chini,
akaushika tena.
Ubao ulifutwa kabla ya kengele;
daftari langu lina nusu ya somo.

Juzi nilimkuta Mwaloni, Kirumba,
anauza dagaa kwa mzani usiomjua mtu.
Redio ya jirani ilisoma matokeo ya huko ng'ambo,
jimbo kwa jimbo, kwa sauti ya mtu aliyekosa usingizi,
na wapagazi wakabishana
kama vile Ohayo ni kata ya Pasiansi.

Mwenye lori alichukua magunia arobaini.
Nyuma yake alisimama bibi mmoja na kopo.
Kila alipomaliza kupima,
Ng'wasi alirudisha mikono rundoni
akaongeza viganja viwili:
viwili kwa lori,
viwili kwa kopo.

"Hiyo ndiyo Seneti," nikamwambia.
Alinitazama kwa muda, kama anayetafuta
nilikaa safu gani.
"Hii ni nyongeza," alisema.
"Kupima nimeshapima."